Gari la dizeli halivuti mlimani? Pima presha kabla ya kulaumu tabo

Peleka Prado kuukuu, Pajero yenye injini ya 4M40 au Surf ya 1KZ kwenye gereji yoyote kati ya Nakuru na Kisumu, sema gari halivuti mlimani, na jibu karibu kila mara ni lile lile: "Mkubwa, tabo imekufa hiyo." Hujakaa sawa, umeshatajiwa bei ya tabo ya ex-Japan, yaani iliyokwishatumika Japani, kutoka Kirinyaga Road, Nairobi. Na mara nyingi tabo, ile pampu inayozungushwa na moshi wa ekzosi na kuishindilia injini hewa, haina neno. Hewa inayosukumwa na tabo inapotelea njiani, au tabo yenyewe imenyimwa kitu cha kuiendesha. Hosi ya vakiumu (nguvu ya kufyonza hewa) ya mita moja ni mamia ya shilingi. Tabo ni makumi ya maelfu. Kwa hiyo pima kwanza, tafuta hewa inakopotelea, kagua kinachoiendesha tabo, na tabo yenyewe iwe ya mwisho kufunguliwa.

Anza na moshi, maana kuutazama ni bure. Mtu mwingine afuate nyuma mkipanda mlima, au utazame kwenye kioo asubuhi jua likiwa mgongoni. Moshi mweusi mzito na nguvu hamna: mafuta yanaingia, hewa haitoshi. Hapo fuata njia ya hewa. Nguvu hamna na moshi hamna: ama kompyuta imepunguza mafuta baada ya sensa kuiambia hewa ni kidogo, ama mafuta yenyewe hayafiki. Hili la pili ndilo linalowapoteza mafundi wengi. Tabo huzungushwa na joto na wingi wa moshi wa ekzosi. Dizeli ikiwa kidogo, moshi unatoka mchache na umepoa, tabo haipati kasi, na geji inaonyesha presha ya chini ingawa tabo ni nzima kabisa. Kwa hiyo gari lisilotoa moshi libadilishiwe filta ya dizeli na yamwagwe maji yaliyotuama chini ya filta kabla ya jambo lolote lingine. Ukitaka uhakika, weka kipande cha hosi ya plastiki inayoonyesha ndani kabla ya pampu, uwashe gari. Viputo vikipita mfululizo, kuna mahali mfumo wa mafuta unavuta hewa.

Injini za pampu ya zamani isiyo na kompyuta, mfano 300Tdi ya Land Rover au 1HD-T ya Land Cruiser, zina jambo lao. Juu ya pampu kuna kiwambo cha mpira kinachopokea presha kutoka manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda, kupitia hosi nyembamba, na presha ikipanda pampu inaongeza mafuta. Hosi hiyo ikitoboka, au kiwambo kikipasuka, geji inaweza kuonyesha presha ya kuridhisha na gari bado likawa goigoi, halina moshi wala haraka. Chomoa hosi, vuta hewa kwenye tundu la pampu kwa sirinji. Isiposhika, kiwambo kimekwisha.

Kupima barabarani

Magari mengi ya miaka ya 90 yaliyoletwa kutoka Japani hayasomeki vizuri na skana hizi ndogo za Bluetooth zinazosoma kompyuta ya gari, kwa hiyo geji ya mkono ndiyo rafiki. Tafuta geji inayosoma 0 mpaka 2 bar, au psi 0 mpaka 30. Ile ya kompresa inayofika bar 10 haifai, kwa sababu mshale utacheza kwenye kona ndogo usione kitu. Weka kiungo cha T kwenye hosi nyembamba inayotoka manifoldi kwenda kwenye sensa ya presha au pampu. Usiiweke mdomoni mwa tabo kama una njia ya kufika manifoldi, maana unachotaka kujua ni presha inayoifikia injini baada ya kupita kila hosi na intakula, ile rejeta ya kupoza hewa ya tabo. Ipitishe hosi ya geji pembeni mwa boneti mpaka dirishani, na uhakikishe boneti haiibani wala haigusi ekzosi.

Kisha nenda mlimani. Kisumu, mwinuko wa Riat kuelekea Kiboswa unatosha. Nakuru, ukishapita Salgaa kuelekea Mau Summit barabara inapanda vya kutosha, ila malori ni mengi, kwa hiyo nenda alfajiri na abiria ndiye asome geji, si dereva. Gia ya tatu, mizunguko 1,500 kwa dakika, kanyaga mafuta mpaka chini, na abiria atazame mshale mpaka ufike mizunguko 3,000. Gari la otomatiki lifunge kwenye gia ya chini lisijibadilishie. Andika namba mbili: presha ya juu kabisa, na mizunguko ambayo presha ilianza kupanda.

Kupima gari likiwa limesimama uwanjani huku fundi akilingurumisha hakuna maana. Injini isiyo na mzigo inachoma dizeli kidogo sana, ekzosi haina joto, na tabo haina cha kuisukuma. Geji itasoma 0.1 au 0.2 na fundi atatikisa kichwa kwa huzuni.

Tabo za zamani zenye westigeti, yaani kilango kinachopunguza moshi presha ikizidi, kwa kawaida hutoa kati ya 0.5 na 0.9 bar. Za mabawa yanayogeuka kuuelekeza moshi wa ekzosi, kwenye injini za baadaye, hupita 1.0 bar na nyingine hufika 1.3. Kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Presha ikipanda taratibu na isifike, hewa inavuja au westigeti haifungi. Ikichelewa kuanza, tuseme mpaka mizunguko 2,500, kisha ikafika vizuri, shuku mabawa yaliyokwama wazi, vakiumu dhaifu au ekzosi inayovuja kabla ya tabo. Ikipanda vizuri kisha ghafla gari likajifunga, presha imezidi na kompyuta imekata mafuta. Huo ni ugonjwa tofauti, ingawa dereva ataueleza kwa maneno yale yale: "gari limekosa nguvu."

Mwinuko wa kwetu unachanganya namba

Vitabu vya magari vimeandikwa kana kwamba kila mtu anaishi pwani. Pale usawa wa bahari presha ya hewa ni kama 101 kPa. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, ni kama 88. Nakuru, karibu na mita 1,850, ni 81 au 82. Ukifika Timboroa, juu zaidi kwenye njia ya Eldoret, imeshuka hadi 73 au 74. Geji ya mkono inahesabu juu ya hewa iliyokuzunguka, kwa hiyo 0.7 bar ni 0.7 bar popote. Skana inahesabu kutoka sifuri, hewa ya kawaida ikiwa ndani yake. Skana ikisema 150 kPa ukiwa Kisumu, ondoa 88: unabaki na 62, yaani 0.62 bar, karibu psi 9. Baadhi ya programu za simu huondoa 101 bila kukuuliza uko wapi. Ukiwa Nakuru zinakuibia 0.2 bar, na 0.2 bar inatosha kumfanya mtu anunue tabo.

Hapo hapo kuna kipimo cha bure cha sensa. Washa swichi bila kuwasha injini, soma presha ya manifoldi. Ukiwa Nakuru isome karibu na 82, Kisumu karibu na 88. Ikisoma 60 au 101, sensa inadanganya, au mdomo wake umezibwa na masizi ya EGR, valvu inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini. Hosi fupi inayoipelekea presha pia huziba. Chomoa, piga waya mwembamba, safisha kwa dawa ya kabureta, acha ikauke, pima tena. Sensa inayosoma chini kuliko ukweli huifanya kompyuta ipunguze mafuta, na gari zima kabisa likatambaa.

Mwinuko pia unaelezea malalamiko ambayo si ugonjwa. Springi ya westigeti inafungua kwa tofauti kati ya presha ya ndani na hewa ya nje, kwa hiyo tabo ya 0.7 bar inaingiza jumla ya 158 kPa Kisumu na 143 Timboroa. Ni pungufu ya karibu asilimia 10, na dereva ataisikia. Dizeli isiyo na tabo, kama ile 1HZ ya Land Cruiser, kwa safari hiyo hiyo inapoteza asilimia 17 hivi. Kama geji inasoma sawa Kisumu na Timboroa na gari lina uzito kidogo kule juu, liache.

Kutafuta hewa inakopotelea

Fungua filta ya hewa kwanza. Anayeendesha kwenye murram ya Siaya au nyuma ya matrekta ya miwa kule Chemelil na Muhoroni hawezi kufuata kilomita za kitabu. Filta iliyoziba haipunguzi hewa tu. Inafanya tabo ivute kwa nguvu mpaka hosi laini kati ya filta na tabo inajibana yenyewe. Injini ikiwa imezimwa hosi hiyo inaonekana nzima. Mtu akipandisha mizunguko na wewe ukaitazama, utaona kama inasinyaa. Kupuliza filta kwa kompresa, puliza kutoka ndani kuja nje, presha ndogo. Ukipuliza kutoka nje unalishindilia vumbi ndani ya karatasi. Na usithubutu kujaribu gari bila filta, hata mwendo wa kwenda sokoni. Vumbi linakula ncha za mabawa ya kompresa, lile gurudumu la tabo linalosukuma hewa, na mabawa yaliyolika hayarudi.

Baada ya hapo, hosi kubwa za kwenda intakula. Pitisha mkono chini yake, sehemu usiyoiona, maana hosi hupasuka upande wa chini na tumboni mwa kona. Ufa mwingine unafunguka presha ikiingia tu. Injini ikizimwa unajifunga na huuoni. Alama yake ni mstari mweusi wa oili uliokamata vumbi. Ukungu wa oili ndani ya hosi ni kawaida, unatoka kwenye hosi ya kupumulia ya injini, kwa hiyo usishtuke ukikuta ndani kumelowa kidogo. Kiungo kilicholowa nje ndicho kinachovuja. Hosi iliyoloweshwa na oili miaka mingi huwa laini, na tabaka la ndani linaweza kubanduka likajifunga kama kilango huku nje pakiwa safi. Ichomoe, uingize kidole.

Kisha kipimo chenyewe cha kujaza hewa, ambacho ningekifanya kabla ya kununua kipuri chochote. Nunua kifuniko cha PVC kwenye hadiwea kinacholingana na mdomo wa hosi inayoingia kwenye tabo, aghalabu inchi 2 au 2½. Pima mdomo kwa rula kwanza. Toboa katikati tundu la milimita 11.5 na uvute ndani yake valvu ya tairi isiyo na tyubu. Ondoa boksi la filta, ingiza kifuniko kwenye hosi, kaza klipu. Hosi ya kupumulia ya injini inayoungana na njia hiyo lazima ichomolewe na tundu lake lizibwe, la sivyo unajaza hewa kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kusukuma oili sili nje. Gari liwe nyutro, mawe yawekwe kwenye magurudumu, na mikono isiwe karibu na feni, kwa sababu hewa ikiingia kwenye silinda inaweza kuisogeza injini.

Kompresa ya fundi pancha inatosha, ila geji yake haijui nusu bar ni nini. Tia hewa kwa vipande vifupi huku ukitazama ile geji uliyoiunga manifoldi. Simama kwenye 0.5 bar. Baadaye unaweza kupanda mpaka presha ya kawaida ya gari, isizidi hapo. Usisimame mbele ya kifuniko. Kifuniko cha milimita 63 kwenye 1 bar kinasukumwa kwa nguvu ya kilo 31 hivi, na kikichomoka kinakwenda usoni. Kifunge kwa waya.

Sasa nyamaza usikilize. Ufa unaoiua presha utausikia ukipiga mluzi bila kutafuta sana. Ule mdogo utaupata kwa maji ya sabuni ya vyombo kwenye chupa ya kupulizia: viungo vyote, pembe za intakula, gasketi ya manifoldi, mzizi wa sensa. Mluzi ukitoka kwenye bomba la ekzosi, silinda moja ina valvu zilizofunguka pamoja. Zungusha injini robo kwa spana kwenye puli ya kranki, ujaribu tena. Mluzi hafifu kwenye mdomo wa kutilia oili usikutie hofu, maana sili za tabo ni ringi za chuma, si mpira, na tabo ikiwa imesimama hazizibi hewa kikamilifu. Presha itashuka taratibu hata kwenye gari zima. Usiifuate hiyo, fuata mapovu.

Intakula ikishukiwa, ichomoe, ziba ncha zote mbili, jaza 0.5 bar, uizamishe kwenye karai kubwa au pipa lililokatwa. Za mbele ya rejeta hupigwa mawe ya murram, na zile zenye ncha za plastiki huvuja pale plastiki inapobanwa kwenye alumini. Za juu ya injini, kama za Pajero na Patrol, huvuja zaidi kwenye viungo vya mpira. Kuzunguka Kisumu kuna balaa jingine, wale wadudu wa ziwani wanaojaa kwenye mapezi ya intakula ya mbele. Hao hawapunguzi presha, ila wanaizuia hewa kupoa, na hewa ya moto ni nyepesi. Osha kwa maji ya kawaida kutoka nyuma kuja mbele. Mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu sana hulaza mapezi yote.

Unaporudisha hosi, futa oili kwenye mpira na kwenye chuma mpaka pakauke kabisa. Kiungo chenye oili kitachomoka mlima wa kwanza, hata ukaze namna gani. Na usikaze kupita kiasi, klipu ya skrubu hukata mpira.

Kinachoiendesha tabo: westigeti, vakiumu, aktueta

Hapa jua kwanza gari lako ni la aina gani, kwa sababu dalili zinakwenda kinyume. Kwenye westigeti ya kawaida, presha ya tabo yenyewe inasukuma kikopo cha aktueta, kifaa kinachosogeza fimbo, fimbo inafungua kilango, presha inashuka. Hosi yake ikichomoka kilango hakifunguki na presha inazidi. Kwenye tabo za mabawa zinazoongozwa kwa vakiumu, kama Patrol ya ZD30 au Passat na Golf za TDI, vakiumu ndiyo inayofunga mabawa ili presha ipande. Hosi ikipasuka mabawa yanabaki wazi na gari halina kitu chini ya mizunguko 2,500. Fundi aliyezoea aina moja akikutana na nyingine anaweza kushinda siku nzima akitafuta upande usio wenyewe. Injini ya 1KD ya Prado 120 haimo katika makundi hayo. Mabawa yake yanasukumwa na mota ya umeme, na hapo bila skana ya maana utabahatisha.

Westigeti: chomoa hosi ya aktueta, unga pampu ya mkono yenye geji. Fimbo ianze kusogea karibu na presha iliyoandikwa kwa gari hilo, isogee laini, na ukiacha kupampu isirudi yenyewe. Ikianza kusogea kwenye 0.2, springi imechoka. Kisha chomoa fimbo kwenye pini ya kilango. Fimbo iliyo sawa inatakiwa ivutwe milimita 1 au 2 ili iingie tena kwenye pini. Ikiingia kwa ulegevu, kilango hakikai vizuri na moshi unapita pembeni muda wote. Wapo wanaoikaza fimbo ili kuongeza presha. Bila geji ndani ya gari, hiyo ni kucheza na gasketi ya silinda hedi.

Vakiumu: hosi zake ni za milimita 3 au 4, zinapita karibu na joto, zinakauka na kupasuka kwenye ncha, na panya wanazipenda. Kipimo cha bei nafuu ni sirinji ya mililita 60 kutoka duka la dawa. Ichomeke kwenye hosi ya aktueta moja kwa moja, vuta. Fimbo inatakiwa iende mpaka mwisho wake na ikae hapo dakika nzima huku umeishikilia sirinji. Ikirudi, kiwambo cha ndani kimetoboka. Ikienda kwa kukwama-kwama au isiende kabisa huku sirinji ikishika vizuri, mabawa yamegandishwa na masizi. Ikienda vizuri, aktueta na mabawa si tatizo. Rudi nyuma kwenye solenoidi, valvu ya umeme inayopitisha vakiumu, na pampu ya vakiumu.

Solenoidi ipimwe ohmu, nyingi husoma kati ya 10 na 20, na waya mmoja uwe na volti 12 swichi ikiwashwa. Angalia pia kichujio chake kidogo cha kupumulia, ambacho huziba vumbi bila mtu kujua kipo. Unaweza kuunga vakiumu ya pampu moja kwa moja kwenye aktueta kwa sekunde chache, injini ikinguruma taratibu bila kukanyagwa, kuona kama fimbo inavutwa. Usiendeshe gari likiwa hivyo. Mabawa yaliyofungwa muda wote hupandisha presha mpaka kitu kivunjike.

Pampu ya vakiumu nayo inadhulumiwa na vitabu. Kitabu kikidai milimita 650 za zebaki, fundi wa Nakuru akapata 560, pampu inahukumiwa. Hewa yote ya Nakuru ni kama milimita 615. Hakuna pampu duniani itakayovuta 650 hapo. Pampu nzuri inayotoa 0.9 bar pwani itatoa 0.72 hivi Nakuru na karibu 0.78 Kisumu. Ikisoma 0.4 au 0.5, basi kweli ina tatizo, au kuna hosi nyingine inavuja, na ya kwanza kushukiwa ni ile ya breki.

Ekzosi na EGR

Moshi unaovuja kabla ya tabo ni nguvu inayopotea. Tafuta masizi meusi kwenye gasketi ya manifoldi ya ekzosi na stadi zilizokatika, na sikiliza mlio wa tik-tik asubuhi unaofifia chuma kikipata joto na kutanuka. Ekzosi iliyoziba baada ya tabo, kwa mfano katalisti iliyosagika au sailensa iliyoporomoka ndani, inaizuia tabo kuzunguka. Legeza flenji nyuma ya tabo, fungua madirisha yote, panda mlima mfupi. Kelele itakuwa mbaya, lakini presha ikirudi umepata jibu.

EGR iliyokwama wazi inarudisha moshi mahali pa hewa. Kata bati la milimita 1, ziba njia kwa muda, upime tena kwenye mlima ule ule. Pia angalia kipepeo kwenye mdomo wa manifoldi kwa injini zilizo nacho. Wakati mwingine kimekwama nusu, na hiyo ndiyo shida yote.

Tabo yenyewe

Ukifika hapa bila jibu, chomoa hosi ya kuingilia, injini ikiwa baridi. Zungusha gurudumu la kompresa kwa kidole. Liende laini, lisiguse popote. Litikise juu na chini: kucheza kidogo ni kawaida, kwa sababu beringi huelea kwenye oili, mradi bawa lisiguse ukuta hata ukilisukuma pembeni. Vuta ndani na nje: hapo mchezo unaosikika wazi mkononi ni ubovu, maana unaokubalika ni sehemu ya kumi ya milimita au chini yake. Chunguza ncha za mabawa kwa tochi. Ukiweza kuifikia na upande wa ekzosi, hakikisha magurudumu yote mawili yanazunguka pamoja. Shafti iliyokatika inaonekana nzima kwa mbele.

Mabawa ya kugeuka yaliyoganda yanaweza kusafishwa bila kununua tabo. Weka alama kwenye nyumba ya ekzosi na kiungo cha kati kabla ya kutenganisha, loweka ringi ya mabawa kwenye mafuta taa, sugua kwa brashi ya shaba, si ya chuma. Skrubu ya kikomo cha fimbo usiiguse. Imepangwa kiwandani, na ukiisogeza huna namna ya kujua ilipokuwa.

Ikibidi tabo ibadilishwe, ujue ya kwanza ilikufa kwa nini, la sivyo ya pili itaifuata baada ya muda mfupi. Bomba la kuipelekea oili huziba kwa oili iliyoungua kutokana na kuzima gari ghafla baada ya mlima mrefu. Libadilishe, au ulisafishe mpaka hewa ipite bila kikwazo, pamoja na kichujio kidogo kilicho kwenye bolti yake kama kipo. Bomba la kurudishia liwe wazi mpaka kwenye sampu. Likiziba, oili inatafuta njia kupitia sili na utapata moshi wa buluu hata ukiwa na tabo mpya. Usipake silikoni kwenye flenji za oili, kipande chake kinachobanduka ndicho kitakachoziba. Mwagia mililita 20 au 30 za oili safi kwenye tundu la juu, zungusha gurudumu kwa mkono, kata mafuta na upige stata mpaka taa ya oili izime, ndipo uwashe. Iache ingurume taratibu dakika 3 kabla ya kukanyaga.

Kisha rudi mlima ule ule, gia ile ile, geji ile ile, ulinganishe na namba ulizoandika mwanzo. Baada ya kilomita 200 hivi kaza tena klipu zote injini ikiwa baridi, kwa sababu mpira mpya hulegea ukishaonja joto.